Kwa nini kisiwa cha mapumziko huchakaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Bongoyo, Mbudya na visiwa jirani

Visiwa hivi vina hadhi gani kisheria?

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa vidogo vya bahari ya Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Mwaka 2007 orodha ikaongezwa visiwa vya upande wa kusini: Sinda, Makatumbe na Kendwa. Vyote viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994.

Watu wengi huchanganya hifadhi ya bahari na eneo tengefu. Kisiwa cha Mafia kina hifadhi: watu wanaishi humo na wanavua, ila kwa kanda na masharti. Eneo tengefu halina nafasi hiyo. Haruhusiwi mtu kuvua, kukata mti wala kuondoka na kitu. Kwa hiyo jibu la swali tunaloulizwa kila wiki, "naweza kuokota kombe moja tu la kumbukumbu?", ni hapana. Kombe tupu ni nyumba ya kaa-duvi, na likisagika ndilo linalogeuka mchanga.

Kisiwa kikianza kuchakaa, kinachotangulia kuharibika ni nini?

Wengi hudhani ni vyoo au mabanda. Kinachotangulia ni boti. Kisiwa cha mapumziko huanza kufa ng'ambo, pale watu wanapopandia, na hilo huonekana kwenye hesabu ya mafuta kabla halijaonekana kisiwani.

Chukua boti ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 40, zile za mchanganyiko wa petroli na oili. Ikikazwa hula kama lita 15 hadi 18 kwa saa. Kutoka ufukwe wa Kunduchi hadi Mbudya ni dakika 15 hadi 20. Boti inapeleka watu asubuhi, inarudi tupu, inawafuata alasiri na kuwarudisha: safari nne, tuseme dakika 80. Hapo zimekwenda lita 20 hadi 24. Wakipanda watu 16, kila mmoja amebeba lita moja na robo hadi moja na nusu. Wakipanda wanne, kila mmoja amebeba lita 5 hadi 6.

Ndiyo maana nauli ya Jumanne haiwezi kuwa sawa na ya Jumapili, hata nahodha akiwa na huruma kiasi gani. Abiria wakipungua, nauli hupanda. Nauli ikipanda, abiria hupungua tena. Mwenye boti naye huanza kubana matumizi pasipoonekana. Oili inayotakiwa ni sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 20 kwa kila lita. Akiipunguza, pistoni hukauka na kukwama katikati ya mkondo. Akiacha kuisukutua mashine kwa maji matamu dakika kumi kila jioni, chumvi huganda kwenye njia za kupozea na mashine huchemka. Baada ya msimu mmoja boti imelala juu ya magogo, na kisiwa kimepungukiwa na njia moja ya kufikika.

Kwa nini safari nyingine tunashushwa kwenye maji ya kiunoni na nyingine tunashuka pakavu?

Kwa sababu ya bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bahari ya Dar es Salaam hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hushuka hadi kama mita moja.

Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Maana yake hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile ambayo familia nyingi ndiyo kwanza zinafika na majokofu yao ya barafu. Boti haiwezi kusogea, watu wanatembea juu ya mawe makali, mtoto anakanyaga miiba ya uchunga na siku imeharibika. Ukiweza kuchagua, usiende Jumamosi ya bamvua asubuhi na mapema ukiwa na wazee. Nenda siku tatu au nne baadaye, kwani maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku.

Manahodha hutumia hesabu moja ya zamani ambayo na wewe unaweza kuikariri. Gawa saa sita za maji kujaa katika sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 3, zile saa mbili za kati huleta sentimita 75 kila moja. Boti iliyofungwa vibaya ndani ya saa hizo hukatika kamba. Maji yakiwa yanatoka, saa zizo hizo huiacha imekaa juu ya mwamba.

Je, tatizo hili si lingeisha kwa kujenga gati?

Gati husaidia, lakini linalojengwa likaachwa ni baya kuliko kutokuwepo. Nguzo za mbao huliwa na wadudu wa baharini kati ya alama ya maji kupwa na ya maji kujaa, huku juu zikionekana nzima. Misumari ya kawaida huvimba kwa kutu na kupasua ubao, hivyo hutakiwa nati na boliti za chuma cha pua au zilizopakwa zinki nzito. Gati zito la mawe lina kasoro nyingine: hukata njia ya mchanga unaotembea kando ya ufukwe, upande mmoja ukajaa na mwingine ukaliwa. Kisiwa kidogo hakina ufukwe wa kuchezea hivyo. Gati linaloelea, linalopanda na kushuka na maji, huwafaa wazee na walemavu zaidi, mradi upepo wa kusi usilipige moja kwa moja.

Na daraja?

Hapana.

Maji ya kunywa na ya choo yanatoka wapi?

Yote yanatoka bara. Bongoyo na Mbudya ni mwamba wa matumbawe ya kale. Hakuna mto wala chemchemi ya maji matamu. Mvua ikinyesha hupenya kwenye matundu ya mwamba na kutokomea baharini. Na choo kikichimbwa shimo la kawaida, uchafu wake hupita njia hiyohiyo, kwa sababu mwamba huo hauchuji kama udongo.

Tufanye hesabu ya Jumapili moja. Wageni 150, kila mmoja akienda chooni mara mbili, ni mara 300. Choo cha kumwagia kwa kopo hutumia lita 2 hadi 3. Tukichukua 2 na nusu, ni lita 750, sawa na madumu 37 na nusu ya lita 20. Hayo ni ya choo peke yake, bado hujaosha sahani, hujamnawisha mtoto aliyeingiwa na mchanga machoni. Madumu hayo yanapandishwa boti na watu, yanashushwa na watu, yanabebwa mchangani na watu. Siku mbebaji akikosekana, choo hufungwa, na choo kikifungwa wageni huelekea msituni. Msitu mdogo wa kisiwa haubebi wageni 150.

Choo kikavu cha vyumba viwili ndicho kinachofaa zaidi. Kimoja hutumika, kingine hupumzika kwa miezi sita hadi mwaka ili uchafu ugeuke mboji. Kila anayemaliza humwaga kata moja ya majivu au unga wa mbao. Bomba la hewa huwekwa wavu juu kuzuia nzi, na hupakwa rangi nyeusi ili lipate joto na kuvuta harufu nje.

Kwa nini basi vyoo vya namna hii hufeli pwani yetu? Michoro mingi hutoka kwa watu wanaojipangusa kwa karatasi. Sisi tunatumia maji. Maji ya kujitawaza yakiingia chumbani, majivu hugeuka matope, joto hushuka, funza huzaliana, na ndani ya mwezi watu wanasema choo kimeharibika. Choo cha huku lazima kiwe na mahali pa kujisafishia pembeni, penye mfereji wake unaoishia kwenye kitanda cha mchanga na kokoto kilichopandwa mimea. Fundi asiyeuliza swali hili mwanzoni, usimpe kazi.

Taka zote zile zinatoka kwa wageni?

Hapana, na ni vizuri kuzitenganisha kabla ya kulaumu. Taka za wageni utazikuta karibu na mabanda: chupa za maji, mifupa ya samaki, nepi, vifuniko vya bia. Taka za bahari utazikuta kwenye mstari wa mwani uliokauka, pale bamvua ilipoishia: ndala za mguu mmoja, vipande vya nyavu, chupa zilizoota chaza, viberiti vya gesi.

Hizi za pili hutoka sana mjini. Mito ya Msimbazi, Mlalakuwa, Mbezi na Tegeta hushusha baharini kila kilichotupwa mitaroni, hasa mvua kubwa za masika zikianza. Mkondo wa pwani yetu hukimbia kuelekea kaskazini, na kusi huuongeza kasi. Bongoyo iko kaskazini tu ya rasi ya Msasani. Ni kama wavu uliotegwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 iliondoa rambo, ila chupa zimebaki.

Kwa hiyo kisiwa chenye wafagiaji hodari kinaweza kuonekana kichafu kila Aprili bila kosa lao. Asiyejua hilo hudhani wafanyakazi wamezembea, akawapunguza.

Si wangezichoma palepale?

Majani makavu, sawa. Plastiki ikichomwa huyeyuka, hushikana na mchanga na kuwa mawe meusi yasiyookoteka tena. Chupa za bia hupasuka na vigae hukaa mchangani miaka mingi vikisubiri nyayo. Kinachofanya kazi ni kuponda chupa, kujaza viroba, kufunga mdomo na kuvirudisha kwa boti ileile iliyoleta soda. Hapa ndipo mkataba huvunjika. Boti ya jioni imejaa abiria waliolipa, nahodha hataki viroba vinavyonuka miguuni mwao, viroba vinabaki hadi kesho, na usiku kunguru na panya wanavichana. Dawa ni safari moja ya asubuhi ya Jumatatu isiyo na abiria, iliyolipiwa kabla kutoka kwenye viingilio. Tazama bajeti ya kisiwa chochote: usipokuta mstari wa safari hiyo, usijisumbue kusoma mpango wao wa usafi.

Ufukwe unaliwa au naota?

Inawezekana ni kweli, na inawezekana umefika msimu tofauti. Kaskazi, kuanzia mnamo Desemba hadi Machi, husukuma mchanga upande mmoja wa kisiwa. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, huurudisha. Picha ya Februari ukiilinganisha na ya Agosti utaona maajabu ambayo si maajabu.

Ukitaka kujua ukweli, chagua mti mkubwa au jiwe lisilohama, pima kwa futi kamba hadi mstari wa maji kujaa, andika tarehe na hali ya bamvua, kisha rudia mwezi uleule wa mwaka unaofuata. Vipimo vitatu vya miaka mitatu vina maana kuliko picha mia. Ukiona mizizi iliyokuwa chini ya mchanga imening'inia, au ukingo umekatika wima kama keki, hapo panaliwa kweli.

Mivinje haisaidii kama watu wanavyodhani. Kivuli chake ni kizuri, lakini mizizi yake mingi haizami sana na majani yake huziba ardhi, mimea ya kutambaa haioti chini yake. Mimea hiyo midogo yenye ua la zambarau, ambayo wageni huikanyaga na wafanyakazi huing'oa ili ufukwe upendeze, ndiyo inayoshika mchanga. Iacheni. Wekeni kamba na njia moja ya kupita.

Lakini msije mkaenda kukata mivinje yote kwa siku moja. Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kilisifika kwa kasa wanaotaga. Miti ikakatwa, bahari ikala, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Leo Maziwi ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaoendelea kutaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Wataalamu wameeleza sababu zaidi ya moja, ikiwemo bahari yenyewe. Miti peke yake haitoshi kueleza yote. Ila hakuna anayeshauri jaribio hilo lirudiwe Mbudya.

Upande wa bara nao haujapona. Kuchimba mchanga kwenye mito ya Kunduchi, Tegeta na Mbezi kwa ajili ya ujenzi kumeunyima ufukwe chakula chake, kwani mchanga wa pwani ile ulishushwa na mito hiyo. Ufukwe wa kupandia boti ukiliwa, turudi swali la pili: kisiwa kimeumia bila kuguswa.

Matumbawe yatarudi?

Inategemea yaliuawa na nini.

Baruti huvunja matumbawe kuwa kifusi. Kifusi hicho huviringika kila mawimbi yakipiga, na matumbawe machanga yakitua juu yake husagwa kabla hayajashika. Ndiyo maana shimo la baruti linaweza kubaki jangwa kwa miongo hata kama uvuvi huo umekoma. Uvuvi wa baruti katika pwani yetu una historia tangu miaka ya 1960, na ulipungua sana baada ya operesheni za kuanzia 2016 hivi.

Joto ni habari nyingine. Maji yakizidi nyuzi moja hivi juu ya kiwango cha mwezi wenye joto kuliko yote, kwa wiki kadhaa, matumbawe hutema mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kuyalisha na kuwa meupe. Ilitokea vibaya 1998, ikatokea tena 2016. Hapa mifupa hubaki imesimama, hivyo machanga hupata pa kushika. Yale ya matawi hurefuka hata sentimita 10 kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo hukua sentimita moja tu. Jabali la mita moja na nusu unalolisimamia upige picha limeanza enzi za babu wa babu yako. Shuka.

Nanga nayo ni baruti ya polepole. Boya la kufungia boti, lenye uzito wa zege chini, linaziondoa nanga kabisa. Hukatika pale mnyororo unaposuguana na pingu, yaani pete ya chuma inayouunganisha, kwa hiyo pingu zikaguliwe na mzamiaji kila miezi mitatu na zibadilishwe zikilika hadi theluthi. Maboya mengi hupotea kwa sababu hakuna aliyepewa kazi hiyo kwa jina.

Mabanda ya makuti mbona yamechoka hivyo?

Upepo wa chumvi. Makuti ya ufukweni huhitaji kuezekwa upya kila miaka 3 hadi 5, mapema zaidi yakiwa yamefumwa haraka na kupangwa mbalimbali. Mkaa wa kukaangia samaki nao uletwe kutoka bara. Ukikwisha mchana wa Jumapili, panga huingia msituni.

Je, kuna visiwa vya mapumziko kwingineko vilivyokufa kwa namna hii?

Vipo, na mfano ulio wazi sana uko mtoni. Katika Mto Detroit, mpakani mwa Marekani na Kanada, kuna visiwa viwili vya kulinganisha.

Boblo, upande wa Kanada karibu na mdomo wa mto, ilifunguliwa kama bustani ya burudani mwaka 1898. Watu wa Detroit walifika kwa meli mbili za mvuke, Columbia ya 1902 na Ste. Claire ya 1910, na safari yenyewe, yenye muziki na dansi, ilikuwa nusu ya raha. Meli hizo ziliacha safari mwaka 1991. Bustani ilifungwa mwaka 1993, miaka miwili tu baadaye, na leo kisiwani kuna nyumba za watu. Meli hizo zina jambo jingine la kukumbukwa: mwaka 1945 msichana mweusi, Sarah Elizabeth Ray, alishushwa Columbia kwa rangi yake, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1948 dhidi ya kampuni ya meli. Anayeshika boti ndiye anayeamua kisiwa ni cha nani.

Belle Isle, kisiwa cha pili, haikuhitaji boti. Ina daraja, la sasa likiwa la mwaka 1923. Yenyewe iliangushwa na mfuko wa jiji la Detroit. Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950, na kama laki 7 mwaka 2010. Jiji likafunga bustani ya wanyama kisiwani mwaka 2002 na jumba la samaki mwaka 2005. Jumba hilo lilifunguliwa tena 2012 na watu wa kujitolea. Jiji lilipofilisika 2013, jimbo la Michigan lilikikodi kisiwa, likakishika rasmi Februari 2014 na kuanza kutoza magari yanayoingia. Vyoo vikafunguliwa, nyasi zikakatwa, na wapo wenyeji walionuna kulipia walichozoea kukipata bure.

Basi na huku kiingilio kipandishwe?

Siyo kwanza. Kwa familia ya watu sita kutoka Mbagala, kiingilio mara nyingi si gharama kubwa ya siku. Nauli ya boti, daladala na chakula huizidi. Kupandisha kiingilio siku ambazo boti zinakwenda nusu tupu ni kuipunguza boti zaidi. Kinachosaidia ni ratiba: boti moja inayoondoka saa inayojulikana, iwe na watu 16 au 6, hasara ya siku kavu ikifidiwa na Jumapili. Watu wakijua boti ipo, huja. Wakijua watasubiri saa mbili juani hadi ijae, huenda ufukwe wa Coco Beach mjini.

Kabla ya kupanda boti nikague nini?

Jaketi la kuokolea la kila abiria, likiwemo dogo la mtoto, na ulivae badala ya kulikalia. Vuta mikanda yake kwa nguvu. Iliyooza kwa jua hukatika mkononi. Uliza kama kuna mashine ya akiba au angalau makasia. Tazama alama ya usajili ubavuni na idadi ya abiria iliyoruhusiwa, kisha hesabu vichwa. Angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwani wakati wa kusi asubuhi hudanganya: saa mbili shwari, saa tisa mawimbi yamesimama. Rudi mapema.

Nitajuaje kama kisiwa kinapata nafuu?

Usitazame rangi mpya ya mabanda. Nenda ufukwe wa kupandia Jumatatu asubuhi, usimame pale boti zinapotia nanga. Ikija boti yenye viroba na madumu matupu, bila abiria hata mmoja, na nahodha hanung'uniki kwa kuwa ameshalipwa, kisiwa kinapata nafuu.